Kwa nini vikundi vya vijana hufa Novemba

Fungua daftari la mahudhurio la kikundi cha vijana cha kuweka na kukopa kilichoanzishwa Juni, kiwe cha Ilula au cha Mbalizi. Mara nyingi kurasa za Juni mpaka Agosti zimejaa sahihi. Septemba majina yanaanza kurukwa. Mvua za kwanza zikigonga bati mwishoni mwa Novemba, unakuta sahihi sita, na mbili ni za mwenyekiti na katibu.

Wapo wanaosema vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Sikubaliani nao. Vikundi vingi bado vinaundwa kana kwamba kijana ameshamaliza la saba, yuko kwao, na mzee wake atamkatia kipande cha shamba akioa. Kijana huyo kwa sasa ni nadra.

Anza na ardhi, maana ndiyo inayohamisha watu. Rungwe na Njombe mashamba mengi yameingia parachichi. Mufindi ni mipaina na milingoti. Ukipanda parachichi kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari moja inabeba miche kama 80, na mche wa kubebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi. Mipaina ndiyo usiseme, inasubiri muongo na zaidi. Shamba la namna hiyo mzee hawezi kuligawa, na kijana wa kukodi hawezi kupanda zao la kudumu kwenye ardhi ya msimu mmoja. Kinachombakia ni maharage, au viazi mviringo vya miezi mitatu minne, kisha anauza kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa bei anayopangiwa. Msimu ukimtupa, anakwenda Chunya kwenye dhahabu, Tunduma mpakani, au Dar. Hajakikimbia kikundi, kikundi ndicho hakina nafasi ya mtu anayeondoka na kurudi.

Shule nayo imebadilisha hesabu. Tangu 2016 ada ilipofutwa mpaka kidato cha nne, wengi wanabaki darasani hadi mtihani wa Novemba. Ukiwasajili Desemba unapata umati. Matokeo yakitoka, kila mmoja anashika njia yake, na wewe unabaki na orodha.

Halafu kuna bodaboda. Tuchukue dereva wa pikipiki ya mkataba anayempelekea mwenye pikipiki hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku. Kikao cha saa kumi jioni kinamkuta wakati abiria wanatoka sokoni na kazini. Saa mbili za kikao kwake ni pesa ya bosi. Faini ya utoro ndiyo inayommaliza kabisa: 500 kwa kikao inaonekana ndogo, ila akikosa vikao vinane anadaiwa 4,000 kabla hajanunua hisa hata moja. Hatakuja kulipa. Atapita njia nyingine asionane na mweka hazina.

Kwa hiyo mimi hushauri katiba ianze na kalenda, vyeo vifuate. Kwa vijana wanaotegemea shamba, mzunguko wa hisa uanze katikati ya Mei na uvunjwe, yaani pesa igawanywe, mwisho wa Oktoba: wiki 24 tu, kikao kila wiki. Mwaka mzima ni mrefu mno kwa mtu asiyejua Januari atakuwa wapi. Wanachama 20, hisa ya 1,000, mwisho hisa tano kwa kikao. Wakinunua wastani wa hisa tatu, mnafikisha 1,440,000 kabla ya riba, yaani 72,000 kwa kichwa. Huo si mtaji wa duka, lakini ni mbegu na sehemu ya mbolea, na unamfikia mtu wiki zile zile anazoihitaji. Mikopo isitolewe baada ya wiki ya 18, la sivyo mtavunja mzunguko huku pesa iko mifukoni mwa watu. Desemba mpaka Aprili kikundi kinapumzika: kikao kimoja kwa mwezi, mchango wa mfuko wa jamii pekee, ule wa kusaidiana kwenye shida.

Msafiri mpe kifungu chake. Anaaga kikaoni, anamaliza mkopo au anaacha wadhamini wawili waliosaini, anatuma angalau hisa moja kwa mwezi kwa simu, na akiwa nje hatozwi faini. Muamala usomwe kwa sauti mbele ya wote siku hiyo hiyo na uandikwe kwenye kitabu chake. Pesa ikipokelewa kwenye laini binafsi ya katibu na kukaa wiki, ugomvi umeshaanza.

Muda wa kikao uulizeni kijiweni. Kwa bodaboda, saa nne hadi saa sita mchana mara nyingi ndipo pamepoa. Ila msihamishie kikao kijiweni kwenyewe. Wasichana hawatakuja, na mwenye mtoto mgongoni hatakaa juu ya pikipiki akisikiliza matani. Uwanja wa ofisi ya kijiji au pembeni mwa soko unafaa zaidi. Jioni nayo ni saa ya maji na jiko, kwa hiyo kikao cha jioni kinawatoa wasichana kimyakimya, baadaye mnaandika kwenye ripoti kwamba hawakujitokeza.

Kuhusu mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambamo fungu la vijana ni asilimia 4: masharti ya idadi na umri yamebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata kabla ya kuandika jina lolote. Andiko la kuomba mkopo lionyeshe mwezi wa mavuno, na marejesho yaombwe kuanzia hapo. Kikundi cha viazi kinachoanza kurejesha mwezi mmoja baada ya kupanda kitakopa kwingine ili kilipe.

Mwisho, sanduku la pesa. Kufuli tatu, washika funguo watatu, na anayelaza sanduku nyumbani kwake asiwe mmoja wao. Kila mshika ufunguo awe na msaidizi aliyeandikwa jina, na angalau wawili kati ya hao watatu wawe watu wasiosafiri: fundi cherehani, muuza genge, kinyozi. Ufunguo ukienda Chunya, mtaita fundi wa kuvunja kufuli.