Anayeingia Freemason huingia mifuko mitupu: yanayofundishwa katika madaraja matatu, na wanachouza matapeli

Malalamiko ya watu waliotapeliwa kwa simu "kujiunga na Freemason" (udugu wa wanachama wanaofundishana maadili kwa alama za uashi) yanaendelea kutufikia katika kipindi hiki cha kampeni dhidi ya utapeli wa mtandaoni, na karibu yote yana mwendo mmoja. Mlalamikaji aliona karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya umeme, au alipokea meseji kutoka namba asiyoijua, ikimwahidi mamilioni, gari na nyumba. Akapiga. Akaambiwa alipie fomu. Kisha pete. Kisha kafara. Kisha "kibali cha benki" ili fedha zake zitoke. Anapofika kwetu ameshauza kiwanja au amekopa kwenye kikoba, na mara nyingi swali lake la kwanza halihusu namna ya kumkamata tapeli. Anauliza alikosea hatua gani, ili arudie vizuri.

Swali hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Onyo la "usitume fedha kwa usiyemjua" tumelitoa miaka nenda rudi, na tutaendelea kulitoa. Lakini mtu anayeamini kuwa mahali fulani wapo Freemason wa kweli wanaogawa utajiri humwona tapeli kama wakala mwizi wa duka zuri: atamkimbia huyu na kumtafuta mwingine. Inabidi aone kilichomo dukani.

Kwanza, mipaka yetu. Hatumshauri mtu ajiunge, wala hatumkatazi. Dini zina misimamo yake. Kanisa Katoliki lilipiga marufuku waumini wake kujiunga tangu 1738, na Vatican ilirudia katazo hilo Novemba 2023. Muumini amuulize kiongozi wake wa dini. Sisi tunashughulika na jinai. Pia maelezo haya yanahusu utaratibu wa Kiingereza, wa United Grand Lodge of England, chombo kikuu cha Freemason wa huko, kwa kuwa ndio unaofuatwa na loji, yaani matawi, zilizo chini ya District Grand Lodge ya Afrika Mashariki, zikiwemo zinazokutana katika majengo yao ya barabara ya Sokoine, Dar es Salaam, na barabara ya Nyerere, Nairobi. Nchi nyingine zina tofauti zake.

Wala hatufichui siri ya mtu. Vitabu vya taratibu hizo vimechapishwa na vinauzwa, na jumba lao la London lina makumbusho yanayotembelewa na umma.

Madaraja ya msingi ni matatu: mwanagenzi, fundi mwenza na fundi mkuu. Yametokana na ngazi za waashi wa mawe, na vifaa vyake vyote ni vya kazi ya uashi vilivyopewa maana ya maadili. Fundi yeyote wa ujenzi wa Manzese anavijua kuliko mhubiri wa mitandaoni anayevitetemekea.

Daraja la kwanza ndilo tunaloomba msomaji alisome taratibu. Kabla ya kuingia, mwombaji huvuliwa kila kitu cha chuma na cha thamani: fedha, saa, pete. Hufungwa macho, huvishwa kamba shingoni, na nguo zake hupangwa upya hivi kwamba tajiri na maskini huingia wakiwa sawa. Halafu huulizwa mbele ya wote kama anathibitisha, kwa heshima yake, kwamba hakushawishiwa na marafiki kinyume cha hiari yake, na kwamba hakusukumwa na tamaa ya mali wala nia nyingine isiyofaa. Akisema amekuja kutafuta utajiri, shughuli inaishia hapo. Tunarudia kwa sababu hatusikilizwi: moja ya maswali ya mwanzo anayoulizwa mtu huyu linamtaka aikane ile sababu ambayo tapeli anaitumia kumvutia.

Baadaye, akiwa amesimamishwa upande wa kaskazini mashariki mwa chumba, huombwa sadaka kwa ajili ya maskini. Hana kitu, kwa kuwa vyote vimebaki nje. Hutakiwa kuona aibu ile ya kutaka kutoa na kukosa, kisha huambiwa kwamba siku atakapokutana na ndugu aliyeishiwa aikumbuke dakika hii, jinsi alivyopokelewa akiwa maskini na bila senti. Kwa maoni yangu hili ndilo somo lenye nguvu kuliko yote katika madaraja matatu, na ndilo lisilotajwa hata mara moja katika zile video za "siri za Freemason" ambazo wananchi wanatutumia kama ushahidi.

Anapomaliza hufungwa aproni nyeupe ya ngozi ya mwanakondoo, isiyo na pambo lolote. Huambiwa kwamba ni alama ya kutokuwa na hatia na ya udugu, na kwamba asiivae kuingia loji ambamo yumo ndugu mwenye ugomvi naye mpaka wapatane kwanza. Hupewa vifaa vitatu. Rula ya inchi 24 inasimamia saa 24 za siku: sehemu ya ibada, sehemu ya kazi na mapumziko, sehemu ya kumsaidia mwenye shida. Nyundo ni dhamiri inayokatiza mawazo mabaya. Tindo ni elimu, inayolainisha akili. Chumbani huwekwa mawe mawili, moja gumugumu kama lilivyotoka machimboni na jingine lililochongwa likanyooka kila upande, na mwanagenzi anaelezwa kuwa yeye ni lile la kwanza.

Daraja la pili ni fupi kulisimulia. Aproni inaongezwa mapambo mawili ya utepe wa samawati, yenye umbo la ua, kwenye pembe za chini. Vifaa ni skwea, pimamaji na timazi: uadilifu, usawa, na unyoofu wa mwenendo. Msisitizo ni kusoma, hasa elimu ya maumbile na sayansi.

Daraja la tatu ndilo linalozua hofu, kwa kuwa lina fuvu na mifupa. Linaigiza hadithi ya Hiram Abiff, fundi mkuu wa Hekalu la Mfalme Suleiman, aliyeviziwa na mafundi watatu waliotaka awape siri za ufundi mkuu kabla ya wakati wao. Alikataa, wakamuua. Kaburi lake lilitambuliwa kwa tawi la mti wa mgunga. Mafunzo ni mawili: timiza ahadi hata ikikugharimu uhai, na kumbuka kwamba utakufa, ujiandae. Fuvu lipo kwa kazi hiyo ya ukumbusho. Anayeuawa katika mchezo huo ni mwaminifu, na wauaji ni wale waliotaka cheo kwa njia ya mkato. Hakuna mtoto, mzazi wala mnyama anayetolewa. Aproni ya fundi mkuu ina maua matatu, ukingo wa samawati, na vishada viwili vya minyororo ya rangi ya fedha, kila kimoja kikiwa na minyororo saba. Vifaa vyake ni kamba ya kupimia msingi, penseli inayokumbusha kuwa kila tendo letu linaandikwa, na bikari, inayokumbusha haki ya Mungu aliyeweka mipaka ya mema na mabaya.

Maofisa wa loji huvaa ukosi wenye alama ya kazi yao. Mkuu wa loji ana skwea, wasaidizi wake wawili pimamaji na timazi, mweka hazina ufunguo, katibu kalamu mbili zilizopishana. Yupo pia anayeshughulikia wagonjwa na wajane wa wanachama, na alama yake ni mkoba wenye picha ya moyo. Viongozi wa ngazi ya juu huvaa buluu iliyoiva na dhahabu. Dhahabu hiyo ni uzi wa kudarizi, na mvaaji hulipia mavazi yake mwenyewe.

Pete, basi, haimo kati ya mavazi ya madaraja haya matatu. Anayependa hujinunulia kama pambo. Daraja la 33, ambalo kila tapeli anadai analo, linatoka katika mfumo mwingine wenye hesabu yake, na haligeuzi lolote kati ya hayo tuliyoeleza. Kuhusu kiapo, ni kweli kwamba maneno ya zamani yalitaja adhabu za kutisha mwilini. Mwaka 1986 Grand Lodge ya Uingereza iliamua kuziondoa adhabu hizo katika viapo vya wanachama. Anayekutishia kwa simu kwamba "umeshaapa, usipolipa utakufa" anatenda kosa, na hana loji nyuma yake.

Kuna watu wanaotuuliza mbona wakubwa walikuwemo. Walikuwemo, na hawakujificha. Sir Andy Chande, aliyezaliwa Mombasa 1928 na kukulia Bukene, Tabora, aliongoza Freemason wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi na alilizungumzia jambo hilo waziwazi hadi alipofariki 2017. Alikuwa mfanyabiashara wa familia ya wafanyabiashara kabla ya kuvaa aproni.

Kujiunga kwenyewe kunahitaji mtu wa kukupendekeza na wa kumuunga mkono, mahojiano ana kwa ana, na kura ya siri ya wanachama. Ni lazima pia mwombaji amwamini Mungu, na katika loji za huku kwetu Biblia, Kurani na Gita ya Wahindu vyote hutumika kulingana na imani ya mwombaji. Ada ipo, ya kuingia na ya kila mwaka, na huenda kutoka kwa mwanachama kwenda kwa loji. Loji hizi hazipokei wanawake. Dada uliyetumiwa "fomu ya Freemason" kwa WhatsApp, hilo pekee lingekutosha.

Sasa utaratibu kwa aliye Tanzania, na tunaomba ufuatwe kama ulivyo. Ukipokea ujumbe wa aina hii, utume kwenda namba 15040, kisha ufuate maelekezo ya kutaja namba iliyokutumia. Kama umeshatuma fedha, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu, 100, papo hapo, ukiwa na kumbukumbu namba ya muamala, uombe muamala uzuiwe. Dakika zina maana, kwa sababu fedha ikishatolewa kwa wakala haizuiliki tena. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu, fungua taarifa, upewe RB, yaani namba ya taarifa yako. Nenda na simu yenyewe. Usifute meseji wala rekodi ya simu kwa aibu. Ushahidi wa kielektroniki unakubalika mahakamani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, lakini mahakama hutazama jinsi ulivyotunzwa, na picha ya skrini iliyopita mikono mitano ina uzito mdogo kuliko simu iliyopokea ujumbe.

Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka saba. Udanganyifu uliofanywa kwa mfumo wa kompyuta, pamoja na kujifanya mtu mwingine, vinaangukia pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hivyo mshtakiwa mmoja anaweza kusomewa zaidi ya shtaka moja. Mwenye laini iliyotumika ndiye atakayetafutwa kwanza. Kwa hiyo piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua ikafutwe kwa mtoa huduma. Ukimsajilia jirani laini kwa alama zako za vidole, maelezo utayatoa wewe.

Mlalamikaji hashtakiwi kwa kuwa alitaka kujiunga. Wapo wanaokaa miezi kimya kwa hofu hiyo, na wakati huo namba ileile inaendelea kukamua wengine.

Jambo la mwisho linahusu wale walioripoti. Baada ya siku chache unaweza kupigiwa na mtu anayejitambulisha kama mpelelezi au ofisa wa kampuni ya simu, anayejua hata kiasi ulichotapeliwa, akiomba "gharama za kurejesha" fedha zako. Kufungua taarifa polisi hakulipiwi, na hakuna ofisi inayomtoza mlalamikaji kwa simu ili imrudishie chake. Namba hiyo nayo itume 15040, na uipeleke kwa ofisa aliyeandika RB yako ili iunganishwe kwenye jalada lilelile.