Hewa haijazwi kwenye mitungi: tunayodanganyana barazani kuhusu mikoko, mkaa na hewa ukaa

Juzi hapa Sahare tumekaa tunangoja vyombo virudi, mzee mmoja akaanza, "Nasikia Wazungu wanakuja kununua hewa ya mikoko yetu, sasa wataibebea nini, mitungi?" Watu wakacheka, ila ukiwaangalia vizuri nusu yao walikuwa wanasubiri jibu. Sishangai. Hapa Tanga kila mtu ana stori yake kuhusu tabianchi na nyingi zimepinda kidogo, nyingine zimepinda sana.

Tuanze na hiyo hewa. Hakuna anayebeba kitu. Mti ukikua unavuta hewa ukaa, ile gesi inayoongeza joto duniani, na kaboni iliyomo inabaki kwenye mti na chini kwenye tope, haiendi popote. Kinachouzwa ni hesabu, yaani cheti kwamba msitu fulani umehifadhi tani kadhaa za hewa ukaa ambazo bila ule ulinzi zingepotea au zisingevutwa. Anayenunua yuko mbali huko na moshi wake anaendelea kutoa, ndio maana kuna wanaosema hii biashara ni kununua ruhusa ya kuchafua, na mimi siwapingi sana. Lakini kusema ni utapeli mtupu sio kweli. Vuka Horohoro, pita Lungalunga, nenda mpaka Gazi, Kenya: kule watu wa mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakiuza tangu 2013, hekta 117 tu za mikoko, kama tani 3,000 kwa mwaka, na hela imeingia kwenye maji ya kijiji na shule. Mwaka 2019 wakafuata watu wa Vanga, hukohuko Kenya, ambao ukiwa Jasini ni majirani kabisa, unaweza ukaazima chumvi kwao.

Sasa wale wa upande wa pili, wanaodhani hela ya kaboni itajenga ghorofa, nao watulie. Tani 3,000 sio mgodi. Ni hela ya kisima na madawati. Halafu watu wanasahau kwamba mikoko ya Tanzania bara ni hifadhi ya serikali, ipo chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, kwa hiyo hata mwenyekiti wa kijiji hawezi kuamka asubuhi akasaini na mgeni aliyekuja na laptopu. Kanuni za biashara ya kaboni zipo tangu 2022 na kuna kituo cha taifa cha kaboni pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro, akija mtu na mkataba muulize kwanza kama kule wanamjua.

"Kupanda mikoko ni kuchomeka tu kwenye tope." Hii ndio inaniuma kuliko zote kwa sababu inakula nguvu za watu wazuri. Mnaona siku ya mazingira, tisheti mpya, wanafunzi wamepangwa mstari, miche elfu kadhaa inachomekwa maji yakiwa yametoka, picha, soda, mnarudi nyumbani. Nenda baada ya miezi sita. Mara nyingi unakuta vijiti vimekauka, vingine mawimbi yamebeba, vilivyobaki vimevaa magamba ya baharini mpaka shingoni. Tunaita yote mikoko lakini mkoko wenyewe ni aina moja tu, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, na watu wanaupenda kwa sababu mbegu yake ni ndefu, inaota ikiwa bado juu ya mti, unaiokota unaichomeka, kazi rahisi. Mlilana ndio unaopenda kukaa mbele unapigwa na bahari, mkandaa na mchu utawakuta hata huku nyuma kwenye chumvi kali, kila mmoja na mtaa wake. Ukichukua mkoko ukaupeleka kwenye tope tupu la mbele ambako haujawahi kuota tangu enzi za babu zetu, jiulize kwa nini haujawahi kuota.

Na mara nyingine hakuna haja ya kupanda kabisa. Pale palipokatwa mikoko pakachimbwa mashamba ya chumvi kisha yakaachwa, shida ni tuta linalozuia maji. Vunja tuta, maji yaingie na kutoka kama zamani, kama kuna miti mikubwa jirani mbegu zinakuja zenyewe na maji. Haipendezi kwenye picha, najua.

Mwingine atakwambia "mti ni mti, ukikata mkoko panda mwembe." Hapana bwana. Mali ya mikoko ipo chini. Lile tope halina hewa, kwa hiyo majani na mizizi haiozi haraka, kaboni inajilimbikiza mamia ya miaka. Utafiti uliotoka 2011 kwenye mikoko ya Bahari ya Hindi na Pasifiki ulikuta wastani wa tani 1,000 hivi za kaboni kwa hekta moja, nyingi zikiwa kwenye udongo. Ukichimbua lile tope likapigwa na hewa, kaboni inaanza kurudi angani. Mwembe hauna habari hiyo, ingawa una maembe.

Wapo wanaosema joto hili linaletwa na tundu la ozoni, hiyo niimalize haraka: halitokani na hilo. Yale ni mambo mawili tofauti, ozoni ni tabaka la juu angani linalozuia miale mikali ya jua, na dunia ilikubaliana kuhusu zile gesi za mafriji zinazoliharibu tangu 1987. Joto linatokana na hewa ukaa, gesi ya metani na ndugu zao.

"Sisi hatuna viwanda, tunachafua nini?" Hapa kuna ukweli mkubwa. Hewa ukaa ya mafuta na viwanda kwa Mtanzania mmoja haifiki nusu tani kwa mwaka, wastani wa dunia unazidi tani nne. Ila hesabu yetu kubwa ipo kwenye misitu, serikali yenyewe inakadiria tunapoteza kama hekta 469,000 kwa mwaka, na sehemu ya hizo inaishia kwenye magunia ya mkaa yanayoingia mjini juu ya pikipiki.

Na ndio hapo watu wanasema mkaa ni wa asili, gesi ndio mbaya maana inachimbwa. Kwenye tanuru la udongo kilo moja ya mkaa inakula kilo tano mpaka kumi za kuni, na tanuru likifukuta linatoa metani kabla wewe hujawasha jiko. Kama mti haukurudishiwa, gesi ina nafuu. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, sawa, lakini mama anayenunua mkaa wa kopo kila siku hana hela ya mtungi mzima kwa mpigo, na hilo sio ujinga wake. Wakati anajipanga, aloweke maharage usiku na afunike sufuria, mkaa unapungua kweli.



Yule mzee nilimjibu kwamba hewa inapimwa kwa futi, kama ya fundi cherehani. Unazungusha kwenye shina, mita moja na sentimita 30 kutoka chini, ila mkoko unapima juu ya mizizi yake ya juu kabisa, kisha hesabu ya kaboni iliyomo inafanywa mezani, na tope linatolewa kwa bomba likapimwe maabara. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na wa kushika hiyo futi analipwa?"