Vitundu vya filamu nyembamba: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Filamu hapa ni tabaka jembamba sana lililopakwa juu ya kitu kingine, siyo sinema. Vitundu vyake vidogo vinaweza kupimwa kwa positroni, yaani chembe kama elektroni ila yenye chaji chanya.

Dhana: ukiichoma filamu kwenye oveni vitundu vinaziba.
Ukweli: inategemea ndani umeweka nini. Zile filamu za silika (kitu kama kioo) zinazokaa katikati ya nyaya za shaba ndani ya chipu, nyingine zinachanganywa makusudi na polima (kitu kama plastiki) inayoungua, ukizipandisha mpaka digrii 400 hivi polima inatoka kama gesi na pale ilipokuwa panabaki kitundu. Joto ndo limekitengeneza! Ukizidisha sana ndo kuta zinalegea na filamu inasinyaa.

Dhana: positroni ni antimata (kinyume cha mata ya kawaida), italipua sampuli.
Ukweli: hapana jamani. Inakutana na elektroni moja, zinapotea zote mbili, mara nyingi inabaki miale miwili ya gama ya keV 511 (keV ni kipimo cha nishati, yaani nguvu) kila mmoja, basi. Vipimo vya PET vya kansa vinatumia hichohicho.

Dhana: weka sodiamu-22 (kitu chenye mionzi kinachotoa positroni) juu ya filamu, anza kupima.
Ukweli: positroni zake zinatoka na nguvu hadi keV 540 hivi, nyingi zitaipita filamu zikaishie kwenye silikoni ya chini. Lazima zipunguzwe kasi kwanza, mfano kwa tungsteni, halafu uzirushe upya kwa nguvu unayotaka. Kwenye silika, keV 1 inafika wastani wa nanomita 20 hivi, keV 5 inapita 200, kwa hiyo unapima tabaka kwa tabaka.

Dhana: uhai mrefu (muda positroni inaoishi kabla ya kupotea) maana yake kitundu kikubwa.
Ukweli: hapa ndo watu wengi wanateleza. Positroni ikishikana na elektroni inakuwa positroniamu, na aina yake moja inaishi nanosekunde 142 kwenye ombwe, ila ndani ya kitundu inagonga kuta na kufa mapema, kitundu cha upana wa nanomita 1 unapata kama nanosekunde 5. Sasa vitundu vikiwa vimeungana, positroniamu inatembea humo mpaka inatoka nje ya filamu, inafia kwenye ombwe, na wewe unasoma namba karibu na 142 unadhani umepata pango! Dawa yake ni kuifunika filamu na tabaka jembamba lisilopitisha, upime tena. Ile 142 ikipotea, ujue vitundu vimeungana. Mi naona hiki ndo kipimo cha maana kuliko vyote, maana njia hizohizo zinapitisha unyevu na shaba na chipu inaharibika.

Dhana: gesi inatosha kupima vitundu vyote.
Ukweli: gesi haiingii kwenye kitundu kilichofungwa pande zote. Positroni inapita ukutani na positroniamu inaingia humohumo.