Kuumuka mara ya pili kwenye donati za hamira ni nini hasa

Resipi karibu zote za donati za hamira zina kile kipande kinachosema "zikate, alafu ziache ziumuke tena" na hapo ndo watu wengi wanaparuka. Mtu anaona unga ulishaumuka kwenye bakuli ukajaa hadi juu, sasa kuumuka tena kwa nini, anakata anatumbukiza kwenye mafuta, na baadae anauliza mbona donati zake nzito na katikati zinanata. Basi kuumuka mara ya pili ni ule muda kati ya kukata donati na kuzikaanga, kila donati ishapata umbo lake, imekaa peke yake imefunikwa, inajijaza gesi upya. Mara nyingi ni dakika 30 hadi 45 hivi, inategemea na joto la chumba. Kwangu mimi hii hatua ina uzito kuliko hata resipi unayotumia, maana resipi za donati hazitofautiani sana, ila donati zinazotoka zinatofautiana vibaya mno.

Tuanze na kinachotokea ndani. Hamira ni fangasi wadogo wa seli moja, wako hai, wanakula sukari na wanatoa gesi ya kabonidayoksaidi pamoja na alkoholi kidogo. Hiyo gesi peke yake isingesaidia kitu, ingetoka ikapotelea hewani, kinachoishika ni gluteni, yaani ule utando unaovutika unaotengenezwa na protini za ngano ukishatia maji na kukanda vizuri. Kila tone la gesi linasukuma utando kama pumzi inavyosukuma puto, na unga unapanda. Ndo maana kukanda kwenyewe sio kitu cha kufanyia uvivu, dakika 8 mpaka 10 kwa mkono, mpaka unga uwe laini na ukiuvuta taratibu unanyooka bila kukatika haraka.

Sasa unga ukishaumuka kwenye bakuli mara ya kwanza, unafanya nini? Unaubonyeza, unaumwaga mezani, unausukuma mpaka unene wa sentimita moja hivi na kidogo. Hapo gesi karibu yote uliyoisubiri saa nzima umeitoa! Kwahiyo ile hewa uliyoifurahia kwenye bakuli haipo kwenye donati uliyoikata, kilichobaki ni kidonge bapa kilichobanwa, na ukikikaanga hivyo hivyo utapata kitu bapa kilichobanwa ila chenye rangi ya dhahabu. Hii haimaanishi ule muda wa kwanza ulipotea bure, hapana, mule ndo ladha inatengenezwa na hamira inaongezeka nguvu, na pale unapobonyeza unavunja mapovu makubwa yanakuwa madogo mengi, na ndo hayo madogo yanayokuja kuvimba kwenye raundi ya pili na kukupa ile donati yenye matundu madogo madogo yaliyolingana.

Kitu kingine cha kujua ni kwamba unga wa donati ni mzito kwa hamira kuliko unga wa mkate wa kawaida. Chukua kipimo cha kawaida tu: unga wa ngano gramu 500, hamira ya papo hapo gramu 7, sukari gramu 60, chumvi kijiko kimoja cha chai, maziwa ya vuguvugu mililita 240, mayai 2 na siagi laini gramu 60. Inatoa donati 12 au zaidi kidogo. Sukari nyingi inavuta maji ambayo hamira ingeyatumia, na mafuta ya siagi yanazunguka gluteni na kuifanya ichelewe kushikana, ndo maana watu wengi wanatia siagi mwishoni baada ya kukanda kidogo kwanza. Kwahiyo usishangae unga wa donati unajikokota wakati ule wa mkate ungekuwa ushafika juu. Maziwa yawe ya nyuzi 37 hadi 40 za Selsiasi, yaani ukichovya kidole usione kama yanakuunguza, maana kuanzia nyuzi 55 kwenda juu hamira inaanza kufa na ikishakufa hata usubiri mpaka kesho hakuna kitu. Chumvi nayo usiimwagie hamira moja kwa moja, changanya kwanza na unga.

Haya, turudi kwenye raundi ya pili yenyewe. Ukikata, kila donati iweke kwenye kipande chake kidogo cha karatasi ya kuokea, hii watu wanaiona ni mbwembwe lakini ina sababu kubwa sana, donati ikishaumuka imejaa hewa na ni laini mno, ukiinyanyua kwa vidole unaiminya upande mmoja na alama inabaki mpaka mwisho. Ukiwa na karatasi unaishusha kwenye mafuta na karatasi yake, sekunde chache karatasi inaachia unaitoa kwa koleo. Ukikata pia usizungushe kile kikatio kulia na kushoto, bonyeza chini moja kwa moja, ukizungusha kingo zinajifunga na donati inapanda upande mmoja tu.

Funika kwa nailoni iliyopakwa mafuta kidogo au kitambaa chepesi. Zikikaa wazi ngozi ya juu inakauka, na ngozi ikishakauka haivutiki tena, gesi inatafuta pa kutokea inapasua pembeni. Joto zuri ni kama nyuzi 25 hadi 30. Kama ni baridi ziweke ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na bakuli la maji ya moto, zinapata joto na unyevu kwa pamoja. Ila usizidishe, maana siagi inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 na kuendelea, na donati inayotoa mafuta kabla hata haijaona karai ujue joto limepita.

Sasa utajuaje zimefika? Saa ya ukutani haikusaidii sana, tumia kidole. Kipake unga kidogo, bonyeza donati pembeni polepole. Ikirudi hapo hapo kama hujagusa kitu, bado, ipe dakika kumi nyingine. Ikirudi taratibu na kuacha kishimo kidogo, iko tayari, kaanga sasa hivi. Isiporudi kabisa, kishimo kinabaki au donati nzima inanywea, imepitiliza. Na kwa macho utaiona imevimba karibu mara mbili ya unene uliokata, ukitikisa karatasi inatetemeka kidogo.

Ambayo haijaumuka vya kutosha inazama zaidi kwenye mafuta, nje inakuwa kahawia wakati ndani bado, na mara nyingi inapasuka ubavuni kwa sababu gesi inatanuka ghafla na ukuta bado umekaza. Iliyopitiliza ni kinyume chake, kuta za mapovu zimevutika mpaka zimechoka, ukiishusha inanywea, ngozi inakunjamana na inakunywa mafuta. Watu wakiona donati imejaa mafuta wanalaumu mafuta hayakuwa moto, inawezekana kweli, ila mara nyingi tatizo lilianza mezani kabla jiko halijawashwa. Zilizopitiliza bado hazijafa moja kwa moja, unaweza kuzikusanya, ukabonyeza, ukapumzisha kama dakika kumi, ukasukuma na kukata upya na kuziumua tena, hazitakuwa nzuri kama za kwanza ila zinalika.

Iliyoumuka sawasawa inajitangaza yenyewe, ina ule mstari mweupe unaozunguka katikati kama mkanda. Wengine wanadhani ni sehemu isiyoiva, kumbe ni kwamba donati ni nyepesi kiasi kwamba inaelea juu juu, ukikaanga upande mmoja kisha ukageuza wa pili, lile eneo la katikati halikuzama kwenye mafuta muda wa kutosha kupata rangi. Nzito haina mkanda au ina mkanda mwembamba sana.

Mafuta yawe nyuzi 175 hadi 185, kama una themomita itumie, upande mmoja dakika moja au kidogo zaidi. Chini ya 170 zinakunywa mafuta, juu ya 190 zinaungua nje ndani zikiwa mbichi. Na hapa kuna hesabu ambayo resipi nyingi hazisemi: donati 12 unakaanga tatu tatu, kila raundi na kusubiri mafuta yarudishe joto ni kama dakika tatu au nne, maana yake za mwisho zinaingia dakika tisa hadi kumi na mbili baada ya zile za kwanza, na muda wote huo zinaendelea kuumuka. Kwahiyo anza kupasha mafuta kabla hazijafika, na anza na zile ulizokata mwanzo wakati zimebakiza kidogo tu kuwa tayari. Chumba kikiwa cha moto sana, tia nusu yake kwenye friji wakati unakaanga zingine, baridi haiui hamira, inaipunguza kasi tu.

Hiyo friji ina faida nyingine. Unaweza kuacha kuumuka kwa kwanza kukafanyika humo usiku kucha, kwenye nyuzi 4 hivi, asubuhi unga ni mgumu kidogo na unasukumika vizuri bila kunata. Ila kumbuka unga ukitoka baridi, raundi ya pili itachukua zaidi ya saa moja, usije ukaenda na zile dakika 30 za resipi.

Na usichanganye hizi na donati za beking pauda. Zile hazihitaji kusubiri kuumuka, gesi inatoka kwenye pauda ikikutana na maji na joto, zinakuwa na ndani kama keki.

Glezi, yaani ule mpako wa sukari wa juu, iandae wakati donati zinaumuka ili usije ukaanza kutafuta sukari huku zinapoa. Sukari ya unga gramu 250, maziwa vijiko vya chakula 3 mpaka 4, vanila kidogo, koroga mpaka itiririke taratibu kwenye kijiko. Donati ikitoka kwenye mafuta ichuje dakika moja au mbili, alafu ichovye ikiwa bado ya moto kiasi, glezi inalainika inatanda nyembamba na ikipoa inakuwa ile ganda la kung'aa. Ukichovya ikiwa imepoa kabisa inakaa nzito nyeupe, sio mbaya, ni staili nyingine tu. Weka juu ya waya ili inayozidi idondoke, baada ya dakika 15 hadi 20 imeshika. Usizifungie kwenye chombo cha kubana zikiwa na joto, mvuke unabaki ndani na glezi inayeyuka inakuwa maji maji ya kunata. Vile viduara vya katikati vikaange kwanza kabisa, vinakuonyesha mafuta yamefika au la bila kupoteza donati nzima.