Kufunguka kwenye simu si kutumika kwenye simu

Nimeletewa tovuti nyingine ya nyumba ya wageni hapa Kisumu, na mwenyewe ameniambia yale yale ninayoambiwa na karibu kila mteja: "Lakini fundi, kwenye simu inafunguka."

Inafunguka, ndiyo. Kinachoniudhi ni kwamba watu hulisema neno hilo kumaliza mjadala. Mgeni aliyeshuka matatu sasa hivi, begi mkono mmoja na simu mkono wa pili, anataka kujua bei, apige simu au aweke nafasi kwa kidole gumba tu. Tovuti ipimwe hapo.

Ya msingi nayapitia haraka. Ukurasa usio na lebo ya viewport, yaani mstari wa msimbo unaokiambia kivinjari upana wa kuupangia ukurasa, kivinjari huupanga kana kwamba skrini ina upana wa pikseli 980 hivi, kisha huusinyaza. Ndiyo maana maandishi yanakuwa kama sisimizi. Weka ndani yake width=device-width, yaani upana uwe ule wa simu yenyewe. Taja upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo, la sivyo picha iliyochelewa itasukuma ukurasa chini na mtu atabonyeza asichokusudia. Na tafadhali ondoa user-scalable=no, amri inayomzuia mtu kukuza ukurasa. Kivinjari cha Safari cha iPhone kinaipuuza amri hiyo tangu iOS 10 ya mwaka 2016, lakini simu nyingi mitaani kwetu ni za Android, na huko mwenye macho dhaifu anazuiwa kukuza maandishi anayotaka kuyasoma.

Sasa fomu, maana wateja hupotelea hapo. Mafundi wengi huiandika sehemu ya nambari ya simu type="number", kwa hoja kwamba ni tarakimu. Nambari ya simu si idadi! Hakuna anayeijumlisha wala kuigawanya. Programu ikiigeuza kuwa idadi, sifuri ya mbele inapotea, na 0722 inabaki 722. Mtu akiandika +254, ile alama ya kujumlisha inaifanya isiwe idadi halali. Andika type="tel": kibodi yenye tarakimu kubwa itajitokeza, na alichoandika mtu kitabaki kilivyo.

Halafu kuna ukaguzi wa nambari yenyewe. Hadi leo nakutana na fomu zinazokataa nambari yoyote isiyoanza na 07, ilhali nambari za 01 zilianza kutolewa Kenya mwaka 2019. Mteja anaandika nambari yake halali, anaambiwa kwa maandishi mekundu kwamba si sahihi, anajaribu tena, anaondoka. Hatakupigia kukueleza. Mwingine anainakili nambari kutoka kwenye orodha yake ya simu, inakuja na nafasi katikati, nayo inakataliwa. Pokea 07, 01, 254 na +254, zenye nafasi na zisizo nazo, kisha zisafishe mwenyewe kwenye seva ziwe za 254 kabla ya kutuma ombi la malipo ya M-Pesa. Kazi hiyo ni ya mashine, mteja asibebeshwe. Maandishi ndani ya visanduku nayo yasipungue pikseli 16, maana iPhone hujikuza yenyewe mtu anapogusa kisanduku chenye maandishi madogo.

Kuhusu ukubwa wa vitufe, vitabu hutoa jibu moja kwa ujasiri ambao mimi sina. Mwongozo wa Android unasema kama pikseli 48, wa Apple 44, na WCAG 2.2 ya mwaka 2023, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na watu wenye ulemavu, inaridhika na 24 katika kiwango chake cha kati. Mimi huanza na 48, lakini kitufe kikubwa kilichobanana na "Futa" naona ni hatari kuliko kidogo chenye nafasi pembeni. Menyu ya mistari mitatu pia inanitatiza: inaokoa nafasi, lakini inaficha bei ambayo ndiyo mtu aliyoifuata.

Wapo wanaotaka niwaonyeshe alama ya kufaulu kutoka Google. Kile kipimo chao cha tovuti kwenye simu kiliondolewa Desemba 2023. Kusinyaza dirisha la kompyuta nako hakutoshi: hakukuonyeshi simu yenye prosesa dhaifu, wala maandishi ya kijivu juani pale soko la Kibuye. Chukua Android ya bei nafuu, mpe mtu asiyeijua tovuti, mwombe aweke nafasi, nawe unyamaze. Kisha arudie kwa kivinjari cha Opera Mini. Wengi huitumia kubana bando, na katika hali yake ya kubana zaidi ni sehemu ndogo tu ya JavaScript, lugha ya msimbo inayofanya ukurasa uitikie mtu anapobonyeza, inayofanya kazi, kwa hiyo menyu inayoitegemea inaweza isifunguke kabisa.