Nice halikuwa neno zuri: dhana potofu kuhusu kivumishi tunachodhani tunakijua

Nice ni miongoni mwa vivumishi vya mwanzo kabisa ambavyo mwanafunzi wa Kiingereza hupewa, na ndiyo maana wengi hudhani wamemalizana nacho. Chakula ni nice, nguo ni nice, jirani ni nice. Halafu anafungua tamthilia ya Shakespeare au hukumu ya mahakama, analikuta neno lilelile mahali ambapo uzuri hauingii hata kidogo, naye analazimisha. Upande wa pili wapo waliokwisha kusikia kwamba zamani neno hili lilikuwa tusi, wakafurahia habari hiyo kiasi cha kuvuka mpaka wa ukweli. Pande zote mbili zina ya kusahihishwa.

"Nice limekuwa neno la sifa tangu mwanzo"

Sivyo. Chimbuko lake ni neno la Kilatini nescius, lililoundwa kwa ne, yaani "si", na kitenzi scire, yaani "kujua". Nescius ni asiyejua. Kifaransa cha kale kikalipokea kwa maana ya mjinga, mpumbavu, mtu wa akili nyepesi. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala kwa vizazi vingi, na maneno yake yakamiminika katika Kiingereza. Nice likaingia karibu na mwaka 1300, na aliyeitwa hivyo wakati huo alikuwa ametukanwa. Ndugu yake wa Kihispania, necio, hadi leo ni mpumbavu. Kitenzi hichohicho scire ndicho kilichozaa science, kwa hiyo maneno haya mawili ni ya ukoo mmoja: moja limebeba kujua, jingine kutojua.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko kwa Geoffrey Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14. Katika utenzi wake Troilus and Criseyde, alioutunga miaka ya 1380, anasimama kidogo mwanzoni mwa kitabu cha pili na kuzungumzia jambo hili hili la lugha kubadilika. Anasema kwamba katika muda wa miaka elfu namna ya kusema hugeuka, na maneno yaliyokuwa na thamani zamani sasa tunayaona "wonder nyce and straunge", ingawa watu waliyasema hivyo na mambo yao ya mapenzi yakaenda vizuri kama yetu. Msomaji wa leo atadhani Chaucer anayasifu maneno ya kale. Anachosema ni kwamba tunayaona ya kipuuzi mno na ya kigeni. Neno alilolichagua kuelezea mabadiliko limebadilika lenyewe.

"Limetokana na mji wa Nice, Ufaransa"

Hapana. Mji ule ulianzishwa na Wagiriki wakauita Nikaia, jina lenye asili ya neno lao la ushindi. Hutamkwa "Nis". Tahajia zimegongana tu.

"Kwa Shakespeare tayari lilikuwa na maana ya leo"

Hapa ndipo wanafunzi huumia zaidi, na mfano wa kutosha uko ndani ya tamthilia moja, Romeo and Juliet, ambamo neno hili linatega mara mbili.

Katika tendo la tatu, Tybalt, binamu wa Juliet, amemuua Mercutio, rafiki wa Romeo, na Romeo naye amemuua Tybalt. Benvolio, rafiki mwingine wa Romeo, anaitwa mbele ya mtawala wa Verona aeleze yaliyotokea. Anamtetea Romeo kwamba alisema na Tybalt kwa upole, akamsihi afikirie "how nice the quarrel was". Ukifasiri kwa Kiingereza cha leo, Romeo anausifu ugomvi! Maana halisi ni kwamba alimwambia Tybalt atazame jinsi ugomvi wenyewe ulivyokuwa mdogo, usiostahili kumwaga damu.

Sasa nenda tendo la tano, onyesho la pili. Mtawa Laurence alikuwa amemwandikia Romeo barua kumjulisha kwamba Juliet hajafa, amelala tu kwa dawa. Mtawa John aliyepewa kuipeleka Mantua, mji alikokuwa Romeo, alifungiwa ndani ya nyumba kwa hofu ya tauni, na barua haikutoka. Laurence anaposikia habari hiyo anashtuka na kusema: "The letter was not nice but full of charge." Nani hajakutana na tafsiri ya haraka inayosema barua haikuwa nzuri? Laurence anasema barua ile haikuwa ya mambo madogo, ilibeba jambo zito. Uzito huo ndio mhimili wa tamthilia yote, kwa sababu Romeo na Juliet wanakufa kwa kuwa barua haikufika. Kosa la kivumishi kimoja linamnyima msomaji wakati ambapo mtawa anatambua kinachokuja.

"Siku moja liliacha upumbavu likawa uzuri"

Safari ilikuwa ndefu na haikunyooka. Kutoka kwa mpumbavu, neno likasogea kwa mtu asiye na kiasi, hasa katika mavazi na anasa. Likamgusa pia mwenye haya nyingi, kisha mchaguzi, yule ambaye chakula hakimridhishi na kitambaa hakimpendezi mpaka akigeuze mara tatu. Mchaguzi ana jicho kali, haachi dosari ndogo impite. Hivyo kufikia karne ya 16 neno likawa na maana ya usahihi wa hali ya juu: kupima kwa uangalifu, kutofautisha vitu vinavyokaribiana sana. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake mwaka 1755, usahihi huo ndio aliouweka mwanzoni. Lakini mtu mwenye jicho la namna hiyo husemwa kuwa ana ladha njema, na kinachomridhisha lazima kiwe kizuri. Kwa mlango huo, katika karne ya 18, likaingia katika mazungumzo ya kila siku kwa maana ya kupendeza. Katika karne ya 19 likamfikia mtu mwema na mkarimu.

Maana hizi hazikupokezana zamu. Ziliishi pamoja, mara nyingine kwa mwandishi mmoja. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford wenyewe wameandika kwamba katika maandishi ya karne za 16 na 17 ni vigumu wakati mwingine kujua mwandishi alikusudia maana ipi. Naliheshimu sana ungamo hilo kutoka kwa watu waliokusanya mifano mingi kuliko yeyote.

Anayeona jambo hili ni la ajabu asikilize vijana wetu wanaposema "ngoma kali" au "jamaa mkali". Kali ya mbwa, ya jua na ya wembe bado ipo palepale, na kali ya sifa imekaa kando yake. Hakuna kikao kilichoitishwa.

"Maana ya asili ndiyo maana ya kweli"

Hii ndiyo dhana inayonikera zaidi, kwa sababu huvaa joho la usomi. Mtu akishajua nescius anaanza kuwaonya wenzake: ukiambiwa wewe ni nice, umeitwa mjinga. Si kweli. Maana ya neno huamuliwa na wanaolitumia na wanaolisikia leo, na mzungumzaji asiyejua Kilatini hawezi kutukana kwa Kilatini bila kukusudia.

Kuna mtego mwingine: anayedai "asili" mara nyingi hajafika asili. Jane Austen aliliona hilo vizuri mno. Katika Northanger Abbey, riwaya iliyotoka Desemba 1817, miezi michache baada ya kifo chake, Catherine Morland yuko matembezini katika mji wa Bath na kaka na dada, Henry na Eleanor Tilney. Anakitaja kitabu anachokipenda kwamba ndicho "the nicest book in the world". Henry anamkamata hapohapo: bila shaka unamaanisha kilichopangwa vizuri, hilo litategemea jalada lake. Anaendelea kulikejeli neno, kwamba sasa siku ni nice, matembezi ni nice, na wanawake wawili walio naye ni nice, ilhali mwanzoni pengine lilitumika kwa unadhifu, adabu na ustaarabu pekee. Henry anajiona mlinzi wa Kiingereza safi, lakini "mwanzo" anaoutetea ni kituo cha katikati tu. Angerudi nyuma kwa uaminifu angefika kwenye ujinga. Dada yake ndiye anayemwokoa Catherine, na nadhani Austen alikuwa upande wa dada.

"Mfalme aliliita kanisa la St Paul's awful, na mjenzi akafurahi"

Hadithi hii husimuliwa kila maneno ya namna hii yanapojadiliwa. Inasemwa mfalme alilitazama kanisa kuu la London lililosanifiwa na Christopher Wren akasema ni awful, artificial na amusing, naye Wren akashukuru, kwa kuwa enzi hizo maneno hayo yalikuwa sifa. Kweli, awful, ambayo leo ni mbaya mno, ilikuwa ya kutia kicho, na artificial, ambayo leo ni bandia, ilikuwa iliyofanywa kwa ustadi. Lakini tukio lenyewe halina shahidi wa wakati ule, na mfalme hubadilika kwa kila msimulizi: Charles wa Pili, James wa Pili, mara Malkia Anne. Charles alifariki mwaka 1685 na James akapoteza kiti mwaka 1688, wakati kanisa lilitangazwa kukamilika mwaka 1711. Kilichopo ni hati ya Charles ya Mei 1675, inayoupitisha mchoro mmoja kwa kuwa ni "very artificial, proper and useful". Hati hiyo inatosha kuonyesha jinsi artificial ilivyogeuka, bila kumtungia mtu maneno.

"Maana za zamani zimekwisha kufa"

Ujinga umekufa, usahihi haujafa. Uko katika nicety, yaani tofauti ndogo inayotaka uangalifu, na uko mahakamani. Mwanafunzi wa sheria Nairobi au Kampala akisoma katika hukumu kwamba wakili ameibua "a nice point", asidhani jaji anampongeza wakili. Jaji anasema hoja ni nyembamba, pande zinakaribia kulingana, na kuikata kunataka uangalifu mkubwa. Ndivyo ilivyo kwa "a nice distinction" na "a nice question".

Kwa hiyo tazama kwanza nomino iliyo jirani. Ikiwa ni hoja, tofauti, swali au mizani, anza na usahihi. Ikiwa maandishi ni ya kabla ya mwaka 1700, jaribu upuuzi, udogo na uchaguzi wa kupindukia kabla ya kufikiria uzuri, na ufungue kamusi inayoonyesha mifano kwa miaka yake, kwa sababu kamusi ndogo ya mfukoni itakupa maana ya leo tu.