Sukari ikishuka: maswali ya wagonjwa wa kisukari Mwanza

Sukari yangu iko juu siku zote. Inashukaje tena?

Inashushwa na dawa yenyewe. Insulini, na vidonge kama glibenklamaidi, vinafanya kazi umekula hujala. Chukua mama anayenunua dagaa mwaloni Kirumba. Kajichoma sindano alfajiri, akatoka bila hata chai ili awahi mitumbwi, na mitumbwi ikachelewa. Saa mbili asubuhi jasho linamtiririka na upepo wa ziwa bado ni baridi. Moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka. Anahesabu noti zilezile mara tatu, kila mara anapata jumla nyingine. Wenzake watasema kalewa, au mashetani yamempanda. Ni sukari.

Pombe kabla ya kula nayo huishusha, na figo zikichoka dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Anayetumia metformini peke yake ni nadra kupatwa na haya.

Kipimo kikisoma ngapi ndiyo imeshuka?

Chini ya 3.9 kwa kipimo cha mmol/L. Ikiwa chini ya 3.0 ni hatari. Huna kipimo? Usikitafute, tibu kwanza.

Nimpe nini?

Vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, ukoroge kwenye maji, anywe. Au nusu chupa ya soda, ile ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Ngoja dakika 15, pima tena. Bado iko chini, rudia. Akishapata nafuu ndipo ale: ugali, viazi, hata matobolwa. Usianze na chapati au karanga, mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Si daktari alikataza sukari?

Alikataza ya kwenye chai yako ya kila siku. Kwa dakika hizi sukari ni dawa. Nadhani katazo hili tumelihubiri vizuri mno, hadi ndugu wanaogopa kumpa mgonjwa soda huku anaishiwa nguvu mbele yao.

Akizimia?

Usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, tafuta usafiri, akawekewe glukosi kwenye mshipa. Kama anameza glibenklamaidi, msikimbilie kuondoka naye akizinduka tu. Dawa hiyo hukaa, na sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye.

Mume wangu anachoma insulini na anavua dagaa usiku. Afanyeje?

Kuvuta nyavu usiku kucha kunakula sukari nyingi. Ale kabla ya kupanda mtumbwi, na abebe sukari kwenye mfuko wa nailoni, aufunge vizuri usilowe. Mwenzake mmoja mtumbwini ajue ulipo. Siku anazolala nyumbani, ukikuta shuka limelowa jasho, au akiamka na kichwa kinamuuma baada ya ndoto mbaya, huenda ilishuka usingizini. Andikeni siku na saa kwenye daftari lake la kliniki, na asibadili dozi mwenyewe. Daktari akiziona hizo saa atajua sindano ipi ya kupunguza.